Dkt John Arthur: Daktari aliyejenga kanisa kubwa Thogoto huku waumini wakilihama

UKISHUKA Kithimani, pale kwenye barabara ya kutoka Thika kwenda Garissa, jaribu kuhesabu makanisa. AIC utayaona mengi. Wakatoliki wapo, na ya Kipentekoste usiseme, kila kona lina spika. Lakini makanisa ya Wapresbiteri, yaani PCEA, ni machache sana ukilinganisha na ng'ambo ya pili, Kiambu, Nyeri au Meru.

Labda umekua ukidhani PCEA ni kanisa la Mlima Kenya tangu jadi. Basi jua kwamba stori yake haikuanzia mlimani. Ilianzia huku Ukambani.

Mwaka wa 1891 Waskoti walipiga kambi Kibwezi, eneo ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa sehemu ya Machakos, kabla Makueni haijakatwa kuwa wilaya yake mwaka wa 1992. Safari hiyo iliongozwa na Dkt James Stewart, na pesa zilitoka kwa matajiri waliokuwa na hisa katika kampuni ya Waingereza iliyotawala eneo hili kabla ya serikali yenyewe kuingia.

Kibwezi haikuwapokea vizuri. Malaria iliwaua mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa 1898, Thomas Watson, mmoja wa wachache waliosalia, aliamua kuhamisha misheni hadi nyanda za juu, Dagoretti, kwa Wakikuyu.

Alifika wakati mbaya. Njaa kubwa ya 1898 na 1899 ilikuwa inafagia watu, na ndui nayo ikafuata. Kabla ya kuhubiri sana, ilibidi agawe chakula na kuuguza wagonjwa. Mwaka wa 1900 Watson mwenyewe alikufa. Mkewe Minnie, ambaye walikuwa wameoana mwaka mmoja tu, alikataa kurudi kwao Dundee. Alibaki kufundisha hadi mwaka wa 1931.

Wakati huohuo, wamishonari wa Africa Inland Mission, waliofika mwaka wa 1895, walizidi kutia mizizi Ukambani. Madhehebu ya Kiprotestanti yaligawana nchi kama watu wanaogawana shamba: hapa ni petu, pale ni penu. Ndiyo maana leo nyanya yako wa Kithimani ni wa AIC na wa rafiki yako wa Kikuyu ni wa PCEA. Si kwamba mmoja alisoma Biblia vizuri kuliko mwenzake. Ni mipaka tu iliyochorwa na wageni.

Na mahali Waskoti walipohamia pakapata jina jipya. Wenyeji hawakuweza kutamka jina la Waskoti vile lilivyo, wakaligeuza likakaa vizuri mdomoni: Thogoto. Kila ukisikia makanga akiita Thogoto, anaita Uskoti bila kujua.

Sasa ngoja nikuambie kuhusu mtu aliyeifanya Thogoto kuwa Thogoto.

Kijana wa Glasgow

John William Arthur alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka wa 1881, katika familia ya mfanyabiashara iliyoshika dini sana. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow, akahitimu mwaka wa 1903, na kufikia 1906 alikuwa na shahada ya juu zaidi.

Angeweza kufungua kliniki yake Uskoti na kuishi raha mstarehe. Badala yake alipanda meli, na tarehe mosi Januari 1907 alifika Kikuyu. Piga hesabu: alikuwa na umri wa miaka 25. Ni rika lako wewe unayetafuta intanshipu.

Alichokikuta hakikuwa hospitali ya maana. Wenyeji walikuwa na waganga wao, na hawakuona sababu ya kumwachia Mzungu mgeni awapasue kwa kisu. Arthur alianza pole pole, kidonda kimoja kimoja, jino moja moja. Hospitali iliyokua kutokana na kazi hiyo ndiyo leo PCEA Kikuyu Hospital, ambayo huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka wa 1908. Ikiwa kuna mtu kwenu aliyewahi kwenda Kikuyu kutibiwa macho, basi umeguswa na stori hii moja kwa moja.

Daktari huyu hakuwa wa kukaa ofisini. Alipenda michezo, na aliwafundisha vijana wa misheni kandanda kabla ya nchi hii kuwa na ligi yoyote. Alipenda pia milima, na alijaribu kuukwea Mlima Kenya enzi ambazo hakukuwa na njia wala vibanda vya watalii. Lakini michezo kwake haikuwa ya kujifurahisha tu. Aliamini kuwa kandanda ingewafunza vijana nidhamu ya kizungu na kuwatoa kwenye ngoma za usiku. Hapo tayari unaona mtu wa namna gani: mkarimu, mchapakazi, na mwenye uhakika kupita kiasi kwamba yeye ndiye ajuaye kilicho bora kwa wengine.

Kati ya watoto waliopita mikononi mwa misheni hiyo alikuwa kijana aliyeitwa Kamau, aliyefika mwaka wa 1909. Aliugua na akafanyiwa upasuaji hapohapo. Alifunzwa kusoma na useremala, na mwaka wa 1914 akabatizwa Johnstone. Wewe unamjua kwa jina alilojipa baadaye: Jomo Kenyatta.

Ibada iliyozua kelele hadi Canterbury

Dkt Henry Scott, aliyekuwa mkuu wa misheni, alipofariki mwaka wa 1911, Arthur alishika usukani. Alikuwa bado kijana wa miaka thelathini. Mwaka wa 1915 aliwekewa mikono kuwa mchungaji, hivyo akawa daktari wa mwili na wa roho kwa pamoja.

Juni 1913, Thogoto ilifanya mkutano ambao ulijadiliwa dunia nzima. Wamishonari wa madhehebu mbalimbali ya Kiprotestanti walikutana kujiuliza swali rahisi: kwa nini tunawaletea Waafrika ugomvi wetu wa Ulaya? Walipanga muungano. Mwishoni, ndani ya kanisa la Waskoti, askofu wa Kianglikana aliongoza ibada ya Meza ya Bwana, na wasio Waanglikana wakashiriki.

Leo utasema: sasa hiyo ni nini? Lakini Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, aliwaka moto. Aliwashtaki wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Kesi ilifika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, magazeti ya Uingereza yakaandika wiki baada ya wiki, na jina Kikuyu likajulikana London na watu ambao hawangeweza hata kulionyesha kwenye ramani.

Muungano kamili haukutokea. Lakini mwaka wa 1918 misheni hizo ziliunda ushirika, na tunda lake kubwa unalijua: Alliance High School, iliyofunguliwa mwaka wa 1926 kwenye ardhi ya misheni, jirani na Thogoto. Jina Alliance, ambalo wewe unalihusisha na gredi A na basi la shule, ni jina la ule ushirika wa makanisa.

Kariokor si jina la soko tu

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, Waingereza walihitaji watu wa kubeba mizigo kuwafuata Wajerumani kule Tanganyika. Walikamata vijana vijijini, wakawaingiza katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka Kariokor. Nairobi ina Kariokor, na Dar es Salaam ina Kariakoo. Majina yote mawili yametoka hapo.

Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, baridi na chakula kibovu.

Mwaka wa 1917, serikali ilipokaza kamba zaidi, Arthur alitafuta njia ya katikati. Aliunda kikosi cha wapagazi wa kujitolea kutoka misheni, wakiongozwa na wamishonari wenyewe, yeye akiwa kapteni wao. Zaidi ya wanaume 1,500 walikwenda. Kwa kuwa walikuwa na madaktari wao na watu waliojali wanachokula, wengi zaidi walirudi nyumbani wakiwa hai.

Ni jambo la kusifu. Lakini usikimbilie kupiga makofi. Hakupinga vita vyenyewe, wala ile haki ya serikali kuwatumia watu kama punda. Alichofanya ni kupunguza maumivu ndani ya mfumo.

Mtindo huohuo ulijitokeza mwaka wa 1919. Gavana alitoa amri iliyowasukuma machifu kuwapeleka watu, wakiwemo wanawake na watoto, kwenye mashamba ya walowezi. Arthur na maaskofu wawili wa Kianglikana walitoa waraka wa kulalamikia mateso yaliyokuwa yakitokea. Kumbe ndani ya waraka huo walikubali kwamba kazi ya lazima ingeweza kuruhusiwa, mradi iwe na sheria na mipaka. Waliosoma waligawanyika: wengine waliona ni ujasiri, wengine waliona ni kuipaka dhuluma rangi.

Serikali nayo ilimwona mtu wa kuaminika. Mwaka wa 1924 aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria kuwakilisha Waafrika. Umesoma vizuri. Mwakilishi wa Waafrika alikuwa Mskoti, kwa kuwa Mwafrika mwenyewe hakuruhusiwa kuketi pale. Mwaka wa 1928 alipanda zaidi, akaingia katika Baraza la Utendaji, meza ndogo iliyomzunguka gavana.

Kufikia hapo Arthur alikuwa na kila kitu: hospitali, shule, waumini, sikio la gavana. Mwaka wa 1926 kanisa lilikuwa limewaweka wakfu wachungaji wa kwanza Waafrika, akiwemo Musa Gitau, ambaye jina lake limo katika shule za Thogoto hadi leo. Na sasa kulikuwa na mpango mkubwa: kujenga kanisa jipya la mawe, kubwa kuliko kile kijikanisa cha mabati kilichojengwa kuwakumbuka Watson na Scott, wamishonari wa mwanzo.

Ujenzi ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920. Na hapo ndipo mambo yalipochacha.

1929: mwaka wa kidole gumba

Kama daktari, Arthur alikuwa ameona madhara ya ukeketaji kwa macho yake. Wanawake walifika hospitalini wakiwa na vidonda vibaya, wengine wakipata shida kubwa wakati wa kujifungua. Kwa miaka mingi misheni ilikuwa ikifundisha dhidi ya desturi hiyo, na wapo Wakikuyu Wakristo, wake kwa waume, waliokubaliana nayo kwa hiari yao.

Mwaka wa 1929 Arthur alitoka kwenye kufundisha akaingia kwenye kulazimisha. Waumini na walimu walitakiwa kutia sahihi au kidole gumba kwenye tamko la kuikana desturi hiyo. Si hayo tu. Walitakiwa pia kujitenga na Kikuyu Central Association, chama kilichokuwa kikidai ardhi iliyonyakuliwa.

Hapo ndipo kosa kubwa lilipo, na ni muhimu ulielewe. Suala la afya ya mwanamke lilifungwa fundo moja na suala la ardhi na siasa. Mtu aliyetaka kumlinda binti yake alijikuta akiambiwa pia aache kudai shamba la babake. Na mtu aliyetaka kudai shamba alijikuta ametetea kisu ili asionekane kibaraka. Watu waliliita tamko hilo kirore, yaani alama ya kidole gumba, na wengi waliamini lilikuwa ujanja wa kuwapokonya mashamba.

Jibu lilikuja kwa ngoma. Vijana, ndio, vijana wa rika lako, walitunga wimbo wa Muthirigu na kuuimba kila kijiji, wakiwakejeli wamishonari, machifu na waliotia kidole. Fikiria wimbo unaosambaa leo kwenye simu kwa siku mbili. Huo ulisambaa kwa miguu, na serikali ikauona hatari kiasi cha kuupiga marufuku mwaka wa 1930. Katika siku za mwanzo za Januari mwaka huohuo, mmishonari mzee wa AIM, Hulda Stumpf, aliuawa nyumbani kwake Kijabe. Nchi ikashtuka.

Thogoto ilibaki pakavu. Sehemu kubwa mno ya waumini ilihama ndani ya muda mfupi, na madarasa yakabaki na madawati. Serikali, ambayo haikutaka moto, ilimwona Arthur kuwa mzigo, na kabla ya mwaka wa 1929 kwisha alikuwa ametoka katika Baraza la Utendaji.

Na waliohama hawakwenda kukaa tu. Walijenga shule zao wenyewe na makanisa yao wenyewe, kwa michango yao, bila kumwomba mmishonari ruhusa. Vuguvugu hilo ndilo lililozaa chuo cha ualimu cha Githunguri mwaka wa 1939. Yule Johnstone wa useremala alikuwa London wakati zogo likiendelea, akiitetea jamii yake mbele ya Waingereza. Mwaka wa 1938 alichapisha kitabu chake, Facing Mount Kenya, ambamo aliitetea hata desturi yenyewe.

Kanisa la mawe

Sasa rudi kwenye lile jengo. Ungekuwa wewe, ungeendelea kujenga?

Arthur aliendelea. Mawe yalizidi kupangwa huku waliokusudiwa kuketi ndani wakiimba Muthirigu nje. Mwaka wa 1933 kanisa lilizinduliwa, likaitwa Church of the Torch, Kanisa la Mwenge. Lipo hadi leo, na ibada hufanyika humo kila Jumapili.

Pole pole wengine walirudi. Wengine hawakurudi kamwe, na wajukuu wao wako katika makanisa huru hadi sasa. Arthur mwenyewe aliondoka Kenya mwaka wa 1937, baada ya miaka thelathini. Alimalizia utumishi wake kama mchungaji wa parokia ya mashambani iitwayo Dunbog, huko Fife, Uskoti. Mwaka wa 1943, akiwa mbali, kanisa aliloliongoza likawa Presbyterian Church of East Africa, lenye kujitawala.

Alifariki mwaka wa 1952. Mwaka huohuo, Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, ikamkamata Kenyatta, na Githunguri ikafungwa. Bibi Minnie Watson alikuwa amemtangulia Arthur miaka mitatu, akafia kwao Dundee, lakini majivu yake yaliletwa Thogoto na kuzikwa kando ya kaburi la mume wake, nusu karne baada ya kifo chake.

Kwa nini ujali

Najua unachofikiria. Mzungu mmoja, jengo moja la mawe, ugomvi wa miaka karibu mia moja. Mimi nina kodi ya nyumba.

Sawa. Lakini angalia yanayotokea mjini. Kila mwaka nyumba kuukuu inabomolewa ili gorofa ya vyumba vya kupangisha isimame. Makanisa nayo hayajasalimika. Kanisa likipata waumini wengi na pesa kidogo, wazo la kwanza ni kubomoa la zamani. Au wanalipaka rangi ya mafuta ing'ae, wanaweka vigae, wanang'oa mabenchi ya mbao ya babu zao na kununua viti vya plastiki. Mabati ya kale yanauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo.

Kijikanisa cha mabati kina hatari zake. Bati hula kutu kuanzia kwenye misumari, na mchwa huanza na fremu ya mbao usiyoiona. Jengo la mawe nalo lina adui ambaye watu humdhani rafiki: saruji. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa, ambayo hupumua na kuruhusu unyevu kutoka. Fundi akija na kuziba nyufa kwa saruji ngumu, maji hufungiwa ndani, na jiwe huanza kumomonyoka taratibu. Mtu anadhani amekarabati, kumbe ameua.

Kenya ina sheria, ile ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya mwaka wa 2006. Inamruhusu waziri kutangaza jengo kuwa urithi unaolindwa kupitia gazeti rasmi la serikali, na baada ya hapo mtu hawezi kulibomoa au kulibadilisha anavyotaka. Lakini sheria hailindi kitu ambacho hakuna mtu amekisemea. Lazima mtu aandike barua, apige picha, apeleke historia yake.

Na kuna urithi ambao si mawe. Vitabu vya ubatizo, majina ya waliotimuliwa mwaka wa 1929 na ya waliorudi, daftari za vikao vya wazee. Karatasi hizi hukaa kwenye kabati la vestri, zikiliwa na panya. Wanawake waliopasuliwa, na waliotibiwa, hawakuandika vitabu. Mara nyingine jina ndani ya daftari ndilo alama pekee waliyoacha.

Kuhifadhi si kusifu

Hapa ndipo vijana wengi huteleza. Wanadhani ukitunza jengo la mmishonari, unamtukuza mkoloni. Wengine kwa upande wao wanadhani ukitaja makosa ya Arthur, unatukana kanisa.

Tafakari kidogo. Mwaka wa 2011 Bunge letu wenyewe, la Wakenya, lilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji. Kwa hilo, daktari yule aliona mbali. Lakini waliomkimbia nao waliona jambo la kweli: kwamba mtu hawezi kukulinda huku akikuamuru uache kudai ardhi yako, na kwamba mwakilishi wako lazima awe mtu uliyemchagua. Hilo nalo Kenya ililikubali, kwa gharama ya damu.

Kanisa la Thogoto linabeba kweli hizo mbili kwa pamoja. Ukilibomoa, unabaki na masimulizi ya upande mmoja, wowote utakaoshinda kwenye mitandao wiki hiyo. Ukiliacha lisimame bila kusimulia yaliyotokea, unabaki na mandhari ya kupigia picha za harusi. Jengo na stori yake lazima vitunzwe vikiwa viwili, na stori itunzwe nzima, pamoja na sehemu zinazouma.

Hili halihusu Wapresbiteri peke yao, wala Kiambu peke yake. Wewe wa Kithimani una Mtaro wa Yatta, unaopeleka maji mashambani kutoka Mto Thika. Ulichimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya wafungwa wa Mau Mau, wengine wao watoto wa kizazi kilichoimba Muthirigu. Wangapi kati ya vijana wanaovuka mtaro huo kwenda shuleni wanalijua hilo? Na lile kanisa kuukuu la nyanya yako, liwe AIC au lolote lingine, jiwe lake la msingi limeandikwa mwaka gani? Nani alichoma matofali? Nani alitoa shamba?

Anza na simu uliyonayo mkononi. Jumapili hii, kabla ya kutoka kanisani, piga picha ya jiwe la msingi, ya paa kwa ndani, ya kengele. Tafuta mzee mmoja aliye juu ya miaka themanini na umrekodi kwa nusu saa, kwa lugha yake, bila kumkatiza. Uliza vitabu vya zamani viko wapi, na kama vinaweza kuhamishwa kutoka sakafuni. Kamati ya maendeleo ikitaja kubomoa, inua mkono uulize ni fundi gani anayejua chokaa.

Ukifika Nairobi na ukapata Jumamosi ya bure, Thogoto si mbali, nauli yake ni ndogo. Liangalie Kanisa la Mwenge, halafu tafuta kaburi la Thomas na Minnie Watson, walioanza safari hii. Kisha ukumbuke kwamba Waskoti walipotua nchini, pa kwanza walipochimba makaburi yao ni Kibwezi, huku kwetu Ukambani, na ni wachache sana wanaokwenda kuyatazama.